Mbegu ya Kwanza ya Mikayi

Apiyo alizaliwa wa kwanza na akataka kukaa wa kwanza maisha yake yote. Tumboni mwa mamake walikuwa wawili, naye ndiye aliyemtangulia pacha wake kutoka, ndiyo maana akapewa jina hilo. Mwenzake hakumaliza hata wiki. Shuleni Apiyo alikaa dawati la mbele, kanisani benchi la mbele, mahali ambapo mchungaji hawezi kujifanya hajamwona. Na alipoolewa na Joram Obonyo, fundi wa mawe mwenye boma mwendo mfupi kutoka soko la Katito, aliolewa mke wa kwanza, yaani mikayi. Nyumba yake ilijengwa katikati ya boma ikitazama lango, ili kila anayeingia amsalimu yeye kabla ya mtu mwingine. Neno hilo la mikayi alilipenda kuliko alivyompenda Joram, na Joram alilijua hilo.

Kazi za ujenzi zilimweka Joram mjini Kisumu. Siku za wiki alilala Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji, na mwisho wa mwezi alirudi nyumbani na nyama. Mwezi mmoja alirudi na nyama na mke. Celestine alikuwa msichana wa Kaloleni aliyewapikia mafundi chakula cha mchana, mwembamba, mcheshi, na kwa umri angeweza kuwa dada mkubwa wa Byron, mwana pekee wa Apiyo. Apiyo aliwachinjia wageni kuku, akawapakulia, akacheka pale pa kuchekwa. Kisha akaenda nyuma ya ghala, akauma leso yake mpaka ikatoboka. Aliumia, tena aliumia kweli. Hilo lisemwe mapema, maana mengine yote yatakayosemwa hapa hayatamsaidia.

Joram alimjengea Celestine nyumba upande wa kulia, akampa na shamba la chini karibu na kijito, lenye udongo mweusi uliokuwa ukishikamana na jembe. Hakuishi kuliona likilimwa mara nyingi. Jukwaa la mbao lilivunjika chini ya miguu yake kwenye ghorofa moja huko mjini, akaletwa nyumbani ndani ya sanduku, na Celestine alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wa kike aliyezaliwa baada ya mazishi aliitwa Achola, kama desturi inavyotaka kwa mtoto wa namna hiyo.

Matanga yalipokwisha, Apiyo alianza kuliangalia shamba la chini kwa jicho jingine. Alilitaka liwe la Byron. Byron alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Kondele, na mamake alikuwa na hakika kwamba siku moja atachoka na vumbi la mjini, atarudi, atajenga, ataoa, na atahitaji udongo ulio bora kuliko ule wa juu uliojaa changarawe. Kumfukuza Celestine waziwazi hakungewezekana. Aliolewa kwa ng'ombe, na Okinyi, kaka mkubwa wa marehemu, alisema mbele ya watu wote siku ya kunyoa nywele za matanga, "Huyu ni bibi ya hii boma. Mtu asijaribu kumtoa."

Apiyo aliitikia kwa kichwa. Alijua kwamba Celestine atatoka mwenyewe tu, ikiwa shamba halitampa chakula.

Kwanza ni lazima ueleweke mwiko mmoja wa boma lile, na wa maboma mengi ya Nyakach. Mvua ikinyesha, hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya mikayi. Yeye hufungua, kisha hufuata mke wa pili, ndipo wana hufuata kwa umri wao. Anayeruka foleni hiyo huleta chira, ule ugonjwa wa kukonda na kufa unaosemekana kumfuata mvunja mwiko na watoto wake. Utakuta vijana wenye digrii wanaocheka mambo haya wakiwa Kisumu, lakini mwezi wa Machi hao hao hupiga simu nyumbani kuuliza, "Mama ameshapanda?" Kwa hiyo kila mwaka, kwa siku chache, boma zima lilikaa likimtazama Apiyo. Siku hizo alitembea polepole zaidi.

Silaha yake alipewa bure, kwenye mkutano wa wakulima Katito, na mtu asiye na hatia yoyote. Waliaula, afisa wa kilimo wa eneo hilo, alikuja na ndoo mbili. Moja ilikuwa na mhindi wa kijani kibichi, nyingine ilikuwa na mhindi wa manjano uliosinyaa. Akina mama waliketi chini ya turubai wakingoja soda.

"Akina mama, jani ni jiko," alisema Waliaula, akilinyanyua jani la kijani wote walione. "Jua ndio moto. Maji inapanda kutoka kwa mizizi, hewa inaingia kwa vitundu vidogo huku chini ya jani. Na hii rangi ya kijani ndiyo sufuria. Jua liwake namna gani, kama huna sufuria hutapika kitu. Mmea unapika chakula chake hapa, halafu kile kinabaki unaweka kwa mahindi, ndio wewe unakula."

Akaweka chini jani lile, akalichukua la manjano.

"Sasa hii sufuria inatengenezwa na nini? Kitu kubwa ni naitrojeni, na mizizi inaitoa kwa udongo. Ikikosekana, mmea unanyang'anya majani ya chini, unapelekea yale machanga ya juu. Ona hapa. Manjano inaanza kwa ncha ya jani la chini, inaingia katikati kama herufi V. Hii mahindi ina jua, ina maji, na bado inakufa njaa."

Mama mmoja aliguna kwa huruma, kana kwamba ameonyeshwa mgonjwa. Waliaula akaendelea na jambo lililomleta hasa. Wakati wa kiangazi, alisema, vijidudu vya udongo hulala. Mvua ya kwanza ikigonga, huamka wote kwa pamoja wakiwa na njaa, hula mabaki yaliyomo ardhini, na udongo hujaa naitrojeni kwa muda mfupi. Mvua zinazofuata huiosha, huipeleka chini kabisa ambako mizizi michanga haifiki.

"Hiyo ni mbolea ya bure, akina mama. Ukipanda mapema, unaikuta. Ukichelewa, imeenda."

Wote walipiga makofi. Apiyo aliinua mkono kwenye benchi la mbele.

"Mwalimu, na yule hana samadi, hana mbolea ya duka, akichelewa kama wiki tatu hivi, mahindi yake itakuwa namna gani?"

Waliaula alifurahi mno kupata mtu aliyesikiliza. "Itakuwa kama hii ya ndoo, Mama. Huyo atavuna magunzi."

"Asante sana," alisema Apiyo, akaketi, akainywa soda yake taratibu.

Mvua ya Machi ilianza jioni, na asubuhi iliyofuata Celestine alisimama mlangoni pa mikayi na jembe begani, Achola amefungwa mgongoni. Alimkuta Apiyo akibambua njugu.

"Umeamka, Mama?"

"Nimeamka, nyathina. Karibu, mwanangu."

"Mvua imenyesha vizuri."

"Imenyesha kweli."

Celestine aliingoja sentensi inayofuata. Haikuja. "Nilikuwa nauliza tu, Mama, utaweka mbegu leo?"

"Leo?" Apiyo aliangalia mawingu kama mtu anayesoma tangazo. "Mwili hauna nguvu. Tungoje kidogo."

Kidogo hicho kiliendelea kuvutwa. Siku moja mwili hauna nguvu, siku nyingine mbegu hazijachaguliwa, siku nyingine kuna maombi kanisani. Mvua ilipiga udongo mtupu wa shamba la chini asubuhi na jioni, na mifereji midogo ikateremka kijitoni na kitu ambacho Apiyo peke yake, kwa jinsi alivyoamini, ndiye aliyekijua kwa jina. Alikaa barazani akitazama maji yale yakienda, na alijisikia vizuri. Majirani walipokuwa tayari wakipalilia, ndipo alipochukua jembe, akafunga leso kiunoni, akafungua msimu kwa sala ndefu.

Yeye kuchelewa hakukumwumiza. Alikuwa na ng'ombe watano na lundo la samadi nyuma ya zizi, na Byron alimletea gunia la mbolea kwa basi. Celestine hakuwa na kitu. Mahindi yake yaliota, yakafika kwenye goti, yakasimama hapo kama yaliyosahau yalichokuwa yakifanya. Kisha manjano yakaanza kwenye majani ya chini, kwenye ncha, yakaingia katikati kama herufi V.

Apiyo alikuwa na kawaida sasa ya kupita mpakani kila asubuhi baada ya chai. Aliinama, akashika jani, akaligeuza, akaliacha. Alitazama jinsi mmea unavyojila wenyewe kutoka chini, jani moja baada ya jingine, ili kile kichipukizi cha juu kiendelee kuishi. Jua lilikuwa kali na zuri, nalo lilipotea bure. Mtu mwingine angepata simanzi. Apiyo alirudi nyumbani akiwa na hamu ya kula.

Watu, kama kawaida yao, walianza kusema. Mbona kwa mikayi kijani na kwa mdogo manjano, na ni boma moja, mvua moja? Kisimani walisema Celestine ni mvivu, msichana wa mjini asiyejua jembe. Kanisani walisema labda kulikuwa na jambo kati yake na marehemu lisilotubiwa. Apiyo aliwasikiliza wote kwa uso wa huruma. Angeweza kufungua mdomo akasema neno moja, naitrojeni, na maneno yote yakaisha. Badala yake alitikisa kichwa.

"Mimi namwombea," aliwaambia. "Lakini naona udongo umemkataa."

Celestine alijikaza, akaja kuomba samadi. Alisema hata ndoo chache tu, atazibeba mwenyewe, na atalifagia zizi kwa malipo yake.

"Ningekupa, yawa," alisema Apiyo, "lakini nimezoea kuianika nichome jioni. Mbu wa huku ni wabaya."

Na kweli jioni ile alichoma. Aliwasha moto wa samadi mahali ambapo moshi ungeelekea nyumba ya upande wa kulia.

Mavuno ya Celestine yalijaza beseni moja. Vibunzi vyenyewe vilikuwa na punje huku na pengo kule, kama mdomo wa mzee. Alimpikia Achola uji mzito, yeye akakoroga mwepesi, na siku nyingine akanywa maji ya moto na kusema ameshiba. Msimu wa mvua fupi ulikwenda vilevile, kwa visingizio vipya. Ilipofika Krismasi, nywele za Achola zilikuwa zimeanza kupoteza weusi, zikawa nyekundunyekundu na laini kama za mtoto wa siku chache, na tumbo lake likajaa juu ya miguu miembamba. Muuguzi wa zahanati alimwambia Celestine mtoto anakosa chakula cha kujenga mwili. Apiyo alimwona mtoto akivuka ua, akaziona nywele zile dhidi ya mwanga, akaukumbuka mhindi wa kwenye ndoo. Alijua vizuri sana anachokitazama. Aliingia ndani akamimina chai.

Machi iliporudi, Celestine alikuja tena mlangoni, safari hii bila jembe.

"Mama, mvua ni ya jana. Nakuomba. Weka tu mbegu moja, hata mbegu moja, uende upumzike."

"Bado, Celestine."

"Lini?"

"Nimesema bado."

Celestine aligeuka. Hakulia. Alikwenda nyumbani kwake, akatoka na jembe na kibuyu cha mbegu alizojinyima kuzila wakati wa njaa, akateremka shamba la chini mchana kweupe, kila mtu akiona, akapanda. Alipanda mpaka shamba likaisha. Apiyo alisimama barazani na moyo ukimdunda kwa furaha. Alitaka Celestine ashindwe, lakini hakuthubutu kuota kwamba angemkabidhi kamba ya kumnyongea.

Mwanamke mwingine angekimbia saa ile ile kwa Okinyi kupiga kelele. Apiyo hakwenda popote. Alinyamaza, akajitia hamnazo, akangoja.

Mahindi yale yalitoka kwa nguvu ambayo shamba lile halikuwa limeionyesha tangu Joram afe. Yaliukuta ule utajiri wa mvua ya kwanza na kuumeza wote. Majani yalikuwa mapana, ya kijani kizito kinachokaribia weusi, na asubuhi umande ulikaa juu yake katika matone makubwa. Kila jani lilielekea juani, likipika. Celestine alipalilia akiimba nyimbo za kwaya, na Achola aliketi ukingoni mwa shamba akicheza na mizizi ya magugu. Apiyo alipita mpakani kila siku kama kawaida, na lazima isemwe kwamba kijani kile kilimchoma rohoni. Kilikuwa kizuri. Usiku alikiona hata akifumba macho. Alijiambia asubiri, yafike kiunoni, yafike mahali ambapo mwenye nayo ameshaanza kuhesabu magunia akilini.

Yalipofika kiunoni alimwita Okinyi na wazee wawili wa ukoo.

Okinyi alikuwa mtu asiyependa makuu. Aliyatazama mahindi, akamtazama Celestine aliyesimama na mtoto mkononi, akapendekeza waletewe manyasi, yale maji ya mitishamba ya kusafishia makosa ya mwiko, wanywe wote, mambo yaishe.

"Yaishe?" Apiyo alikuwa ameandaa kilio chake na sasa akakitoa. "Jaduong', mzee wetu, ng'ombe wangu ametoa mimba wiki iliyopita. Byron amevunjiwa kibanda Kondele, wameiba simu za watu. Ni mimi nimesababisha? Mnangoja nini, mnangoja niwaite kwa mazishi ya Byron ndio mjue hii ni chira?"

Neno hilo likitajwa pamoja na jina la mtoto wa kiume, wazee hawana ubavu. Mmoja alikohoa. Okinyi alitazama viatu vyake.

"Sasa unataka nini, Min Byron?"

"Nataka desturi. Hiyo mbegu haikuwa na ruhusa kuwa kwa hiyo ardhi. Itoke. Na aliyeiweka ndiye aitoe."

Celestine aliweka mtoto chini. Aliingia shambani, akashika mhindi wa kwanza kwa mikono miwili, akavuta. Haukutoka. Mizizi ilikuwa imeshika sana, ilibidi auinamie, auzungushe, na ulipong'oka uliinuka na bonge la udongo mweusi. Alikung'uta udongo ule ili ubaki shambani, kwa mazoea ya mkulima, kisha akaushika wa pili. Wazee walivumilia mistari michache wakakumbuka wana shughuli. Apiyo alileta kigoda, akaketi. Ng'ombe wake watano walisogezwa karibu, na yeye mwenyewe akawa anawatupia mashina ya kijani wakiyatafuna, povu la utomvu likiwatoka midomoni.

Jua lilipokuwa linakaribia kuzama, shamba lilikuwa tupu. Viganja vya Celestine vilikuwa vimechanika. Alikuja akasimama mbele ya kigoda, na kwa mara ya kwanza hakumwita mwenzake Mama.

"Nimetoa. Sasa wewe utapanda lini, ndio na mimi nipande?"

"Nitakapojisikia."

Celestine alitikisa kichwa kana kwamba amejibiwa swali jingine, la zamani zaidi.

"Ile siku ya mkutano ya Waliaula," alisema, "mimi pia nilikuwa. Nilikaa nyuma kabisa, Achola alikuwa ananyonya. Nilisikia swali yenye uliuliza."

Apiyo aliinuka kigodani. Haikuwa aibu iliyomwinua, bado hakuwa amefika huko. Ilikuwa hofu ya mtu aliyedhani yuko peke yake chumbani. Alikumbuka kila asubuhi aliyoinama mpakani, kila jani aliloligeuza, na kumbe nyumba ya upande wa kulia ilikuwa na mtu anayemtazama akifanya hivyo, mtu aliyejua vyote alivyojua.

"Sasa mbona hukusema?" aliuliza, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Nilidhani utachoka."

Siku iliyofuata Celestine alifunga godoro kwenye bodaboda, akampakata Achola mwenye nywele nyekundu, akarudi Kaloleni kwa shangazi yake. Hakuaga. Okinyi alikuja kumzuia, akakuta mlango umefungwa kwa waya. Apiyo alipanda mbegu zake siku ile ile.

Shamba la chini likawa la Byron, kwa idhini ya wazee ambao hawakutaka kulisikia tena jambo hilo. Byron alikuja kutoka Kondele na viatu vyeupe. Mamake alimtembeza kutoka mpaka hadi mpaka, akashika udongo mkononi, akaufikicha puani pake aunuse. Alimweleza habari za mvua ya kwanza, za vijidudu vinavyoamka, za jani kuwa jiko. Alimweleza vizuri kuliko Waliaula alivyoeleza, maana alikuwa ameyaona yote kwa macho yake, pande zote mbili. Wewe utapanda mapema, alimwambia. Mimi sitakuchelewesha hata siku moja.

"Udongo ni poa kweli," alisema Byron, akapiga picha kwa simu.

Picha ile aliipeleka kwa mtu anayeitwa Tom, aliyekuwa akitengeneza bustani za wenye nyumba kubwa mjini. Lori la kwanza lilifika wiki hiyo hiyo. Vijana wa Tom waliparua ule udongo mweusi wote, kina cha mkono mzima, wakaupeleka Kisumu ukatandazwe chini ya nyasi za kukanyagwa na wageni wenye bia. Ulipokwisha walikuja wengine, wapiga matofali, wakachimba udongo wa mfinyanzi uliokuwa chini yake. Walichimba wakaingia kiunoni, wakaingia kifuani, wakafika kwenye mawe. Tanuri lilifuka moshi siku na usiku.

Apiyo alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Alisimama mbele ya lori, vijana wakamzunguka kwa adabu. Alipompigia Byron simu, Byron alikuwa mvumilivu kama mtu anayemweleza mtoto.

"Mama, hiyo shamba ni yangu ama si yangu?"

"Ni yako, lakini..."

"Ulinipatia ama hukunipatia?"

"Nilikupatia ulime, Byron! Nimefanya mambo mengi sana juu ya hiyo shamba. Hujui. Hujui nimefanya nini."

"Sasa si nimeitumia? Nimepanua biashara. Kazi ya kulima nani anataka, Mama, hata wewe si unasumbuka tu?"

Siku moja aliabiri gari hadi Kaloleni, akaulizia kutoka mlango hadi mlango. Celestine alikuwa akikatakata sukumawiki kibarazani, na Achola, nywele zimerudi nyeusi, alikuwa akikimbizana na wenzake. Apiyo alisema amekuja kumwambia nyumba yake ingalipo, arudi, na kwamba wanaweza kugawana shamba la juu. Celestine hakumkaribisha kiti. Aliendelea kukata, kisu kikienda haraka na sawasawa.

"Unataka nirudi nikungoje?" aliuliza.

Hilo ndilo Apiyo alilolitaka, na alilijua pale pale. Celestine aliziosha mboga, akamwaga maji machafu karibu na miguu ya mgeni, akaingia ndani.

Machi ikafika. Mvua ya kwanza ilipiga mabati alfajiri, na Apiyo akatoka bila hata chai. Alifunga leso kiunoni, akaenda shamba la juu na jembe na kibuyu, akasali sala fupi, akatia mbegu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akamaliza mstari. Hakuna mwaka aliowahi kupanda mapema namna ile. Alinyoosha mgongo, akatazama nyumba ya upande wa kulia. Paa lilikuwa limeanza kudidimia. Hakuna mtu aliyekuwa mlangoni na jembe. Hakuna aliyemuuliza kama ameanza, wala kama ataanza kesho, wala kama hataanza kabisa.

Alifuta mkono kwenye leso, akatoa simu, akampigia anayefuata kwa umri.

"Byron. Nimeshaweka mbegu. Wewe sasa unaweza kupanda."

Upande wa pili kulikuwa na makelele ya Kondele, honi na muziki.

"Kupanda wapi, Mama? Hapo si ni shimo?" Byron alicheka kidogo, bila ubaya wowote. "Ngoja kwanza, niko na kastoma."

Simu ikakatika. Mvua ilikuwa imeongezeka. Maji ya shamba la juu yalikuwa yameshapata njia, yakiteremka mekundu katikati ya mistari aliyotoka kuipanda, yakibomoa ukingo na kuanguka shimoni pamoja na udongo, mbegu na ile mbolea ya bure. Apiyo aliweka simu tena sikioni, akangoja.